Timu ya Amerat

Basi la wasichana wa voliboli wa skuli ya Amerat liliharibika mlimani. Khole tu ndiye aliyefika Maskati, kwa gari ya baba yake.

"Timu isokuwa na mtu uwanjani inatolewa kwenye ligi," alisema mwalimu mwamuzi. "Pole, mwanangu."

Skuli yao iliingia ligi mwaka huo tu, baada ya kuomba miaka na miaka. Khole akakaza mtandio, akaokota mpira wa voliboli uliopata moto kwa jua, akasimama mstari wa nyuma.

"Mtu ni mimi, mwalimu. Puliza."

Firimbi ikalia. Mpira ukavuka wavu.

Nje ya ukuta ambao wanaume hawaruhusiwi kuupita, baba yake aliita: "Khole! Mshaanza?"

"Tushaanza, baba!"