Mtihani wa Restituta

"Koma, Bi Somoe! Mwanafunzi wa watu unamwita mwizi?"

"Nani asiyejua, shoga? Hapewi cheti cha kutibu nyoyo za watoto mpaka mwanao akilia amkimbilie yeye, si wewe!"

Tatu akabinua mdomo. Sheria ilishampangia kila mwenye mtoto mwanafunzi wa kuishi naye, na huyu Restituta wake alikuwa mpole, fundi wa pilau, na tangu aje, mwanawe Kombo haoti ndoto mbaya.

Mara ndani kwa Tatu kikasikika kishindo, Kombo akaangua kilio. Tatu akamwacha jirani yake mdomo wazi, akakimbilia nyumbani. Kabla hajafika mlangoni, kilio kikakatika.

Kombo akachungulia, machozi hayajamkauka, akamtazama mamaye kama mtu anayemfananisha.

"Shikamoo," akasema kwa adabu. "Karibu ndani ule, mgeni. Mama anapakua."