Kanga ya Mama Nasra

Kila Nasra alipopanda ubao mwembamba wa mashindano ya jimnastiki, mama yake alijifunika uso kwa kanga.

“Shoga, funua! Mtoto atakua wewe umejifunika,” jirani alimtania.

Vigelegele vilipolipuka ukumbini, mama akafunua uso. Nasra alikuwa tayari chini; baadaye akavishwa medali. Mama akajaa fahari, machozi yakamtoka.

“Mama, umeniona?”

“Nimekuona, mwanangu! Ulipinduka kama samaki.”

“Nilitua kwa mguu gani?”

Mama akaanza kuikunjakunja kanga yake.

“Ulijifunika tena,” Nasra alisema taratibu.

Akamvua mama kanga, akajifunga kiunoni, akapanda tena ule ubao. Watu walikuwa wakitoka. Mama akabaki macho wazi, mikono haina pa kushika, na mtoto wake yuko hewani.