Maoni ya Kupikia

Jiko letu linawaka tu wakati spika ya jikoni inasoma maoni ya wasikilizaji wa podikasti kuhusu kaka yangu Hilali. Ndiyo sheria kwa nyumba ya kijana aliyetajirika kwa kuuza dawa feki. Kila tusi Mama huliitikia, "Ahsante, mwanangu," huku akikatakata vitunguu.

Leo maoni yalikatika. Watu wamemchoka. Jiko likazima na wali bado mbichi. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akaandika: "Hilali ni muuaji. Bora mamake angezaa jiwe."

Spika ikayasoma kwa sauti yake tamu. Jiko likawaka.

Hilali alikuwa anapanga sahani mezani. Hakuinua uso.

"Andika mengine, Mama," alisema. "Wali bado una kiini."