Maji ya Chini ya Shamba

Mvua ilimkuta Namsifu kwenye mteremko wa shamba lake, gunia kichwani, akilitazama kaburi la mumewe. Kila masika maji yalilikwangua, na udongo wake ukateremka hadi kwenye migomba ya Kiangi, mdogo wa marehemu. Safari hii alikuwa amechimba makinga maji kukatisha mteremko, na kwenye matuta yake akapanda majani ya tembo.

“Shemeji, umeninyima udongo!” Kiangi alipaza sauti kutoka chini, amelowa chapachapa. “Migomba yangu itakula nini?”

“Ng'ombe si unaye? Zoa samadi, mvivu wee!”

Maji yalijaa kwenye makinga, yakatulia, kisha yakaanza kupenya taratibu kati ya majani. Matuta hayakubomoka. Namsifu alishuka akiteleza hadi mpakani, akasimama.

“Maji yanayofika kwako yana rangi gani?” aliuliza. Aliogopa kutazama mwenyewe.

Kiangi aliinama, akayateka kwa kiganja.

“Mwaka huu kaka hateremki kwangu,” alisema.

Akamnyooshea mkono. Ndani ya yale maji mistari yote ya kiganja ilionekana, na matone ya mvua yaliendelea kuitikisa.