Kanga ya Jeneza

Mwanamke mmoja alifika mbio kwenye dirisha la afisa Mbwana mpakani, kakumbatia kanga mpya. Alitoa pasipoti mbili: ya ughaibuni bado hai, ya nyumbani imekwisha muda.

"Raia haingii kwao kwa pasipoti ya kigeni, dada. Omba hati ya dharura ubalozini."

"Mama anazikwa alasiri hii, kaka, makaburini hapo ng'ambo tu! Nilimwahidi kanga ya jeneza lake."

"Nikikupitisha, sina kazi."

Akamsukumia kanga. "Basi hii ipite. Haiulizwi pasipoti."

"Nitaifikisha," Mbwana alisema, na papo hapo akaogopa.

Alifunga dirisha. Foleni ikazomea, mkuu wake akafoka. Mbwana alivuka, kanga begani. Alipogeuka, mikono ya mwanamke ilikuwa ingali imenyooshwa juu ya kizuizi.