Maonyo ya Asubuhi

"Soma tena," Kisyeri alisema.

Binti yao Ghati alikuwa ameshakwenda shule. Wegesa akasogeza kiti karibu na kompyuta, akamsomea mumewe onyo: kuna jina limetangazwa kwenye msimbo wa programu lakini halitumiki popote. Kisyeri akafikiri kidogo, akamwambia alifute, aiache kompyuta iukague msimbo upya. Onyo likatoweka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kisyeri kabla ya dhahabu: kusafisha maonyo kwenye kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa inayoiendesha kompyuta. Onyo haliizuii mashine kuwaka, alizoea kumweleza mkewe, lakini ukilipuuza, siku moja mashine itazimika na hutajua kwa nini.

Kisha dhahabu ikaonekana nyuma ya boma lao, watu wakafurika Tarime, na kaka yake Machage akachimba shimo. Kisyeri alishuka humo mara moja tu, kwenda kuangalia. Baruti ikalipuka kabla ya wakati wake. Machage walimzika. Kisyeri walimtoa hai, macho yamekwenda.

Miezi mingi alilala ameelekea ukutani, akila kwa kulishwa. Kilichomwinua ni Shamsudin, mwenzake wa kazi aliyekuwa mjini Mugumu, alipowatumia msimbo uliojaa maonyo. Kompyuta ingeweza kumsomea yenyewe, lakini Kisyeri aliikataa ile sauti ya mashine. Alitaka ya mkewe. Basi Wegesa, ambaye hakuwahi kuandika hata mstari mmoja, akajifunza alama moja moja, akikosea na kurekebishwa. Siku walipoondoa onyo la kwanza, Kisyeri aliomba ugali kwa kinywa chake, akala kwa mkono wake.

Baadaye Shamsudin alipiga simu. Wegesa akatoka nayo uani, akakawia huko. Aliporudi alisema tu kwamba Shamsudin anawasalimu.

Kazi ikaendelea, ingawa Shamsudin hakutuma tena msimbo mwingine. Mchana, Kisyeri akijinyoosha kitandani, Wegesa alibaki peke yake na kompyuta, na kila asubuhi maonyo yalikuwepo.

Leo walimaliza mapema kuliko kawaida. Kisyeri akapapasa mezani mpaka akaupata mkono wa mkewe, akaushika.

"Ahsante, Mama Ghati," akasema. "Ila kesho niharibie mahali pagumu kidogo."