Saa Iliyovuka Mpaka

Seva ya Bwera ilikuwa imerudi Kongo tena.

Eridadi, meneja wa chama cha akiba na mikopo pale Kasese, aliipokea habari hiyo akiwa wima, kama alivyozoea jeshini. Akamtazama Jolly, fundi wake wa kompyuta, kisha akatazama saa ya ukutani. Kasese ilikuwa saa tatu asubuhi. Seva ya Bwera ilidai ni saa mbili.

Kazi yenyewe haikuwa ya kumkosesha mtu usingizi. Chama kilinunua seva mbili, moja Kasese na nyingine Bwera, mpakani na Kongo, zitunze kumbukumbu za wanachama kwa pamoja, ili umeme ukikatika huku, kule watu waendelee kuhudumiwa. Mtaalamu wa Kampala ndiye angeweka programu ya kuziunganisha. Kabla ya hapo ilibidi ziandaliwe zifanane kama mapacha: mfumo uleule, watumiaji walewale, saa ileile. Seva zilishafunguliana milango mapema. Ukiwa kwenye moja unaingia kwenye nyingine bila kuulizwa neno la siri. Kirekebisha saa cha zamani kilizimwa, maana programu mpya huja na chake. Kila ukaguzi ulipofanywa, yote yalikubali isipokuwa saa ya Bwera.

"Hiyo ni mtandao ya Kongo," Eridadi aliamua.

Hakuna aliyembishia. Pale Bwera nani hajawahi kuona simu yake ikidaka mtandao wa ng'ambo na kurudi nyuma saa nzima? Watu wamekosa misa, wengine wamekosa harusi. Kama simu inadanganywa, seva ni nani hata isidanganywe?

Wahudumu wa kaunta ya Bwera walikuwa na maoni yao. Fundi wa huko, Bénit, kijana wa Butembo kule Kongo, mpole hadi unatamani kumtikisa, alivaa saa ya mkononi inayofuata majira ya kwao ili asikosee kumpigia mama yake. Mkataba wake ungeisha siku seva zote mbili zitakapokubaliwa, naye angerudi Butembo. Na kila seva ilipokataa, Jolly alikuja kutoka Kasese, na Bénit alionekana akitabasamu peke yake. Wahudumu walijumlisha mambo hayo wakacheka chini chini.

"Leo ni mwisho," Eridadi alisema. Mtaalamu alikuwa amechoka kusubiri. Asipopata jibu jioni angekwenda kwa watu wengine, na wanachama wangeendelea kupanga foleni hadi mwakani. "Enda Bwera. Leta saa yetu."

Akamtazama tena, akauliza kama blauzi nzuri namna ile ndiyo ya kutambalia nyaya chini ya meza. Jolly alisema nyingine hazijakauka.

Njiani, alipofika Kinyamaseke, Jolly alisimamisha gari la chama akanunua mananasi mawili. Moja lilikuwa la ofisi. La pili hakusema la nani.

Bénit alimpokea mlangoni akiwa na shati lililopigwa pasi vizuri. Wakaketi mbele ya seva. Alieleza jinsi alivyokagua kila kitu, akaeleza mara ya pili, kisha akawa anakunjakunja ncha ya waya. Jolly alikuwa amempenda mtu huyu tangu siku ya kwanza, na ukimya wake ulikuwa umemchosha kuliko simu zote za mtaalamu wa Kampala.

"Wao nasema seva ikikataa, wewe nafurahi," alimwambia. "Kwa nini?"

Bénit aliangalia sakafu. "Jolly, mi sijagusaka iyo saa hata siku moja, naapa. Lakini kila asubuhi niko naomba Mungu ikatae tena." "Ikikubali, mi narudia Butembo. Na wewe ntakuona wapi?"

Jolly alimsogezea nanasi la pili.

"Kama unakubali," Bénit akasema polepole, "mama na bajomba batakuya Kasese, kwa bazazi yako."

Kaunta nzima ilikuwa ikisikiliza. Hata mteja aliyekuwa akihudumiwa alikuwa amegeuza shingo.

"Wakuje," Jolly alisema. "Lakini wakuje na saa ya Uganda."

Kisha akavuta kibodi, akaandika mstari mmoja tu, na saa ya Bwera ikasogea mbele hadi mahali pake. Wakaendesha ukaguzi upya, na safari hii kila kitu kikakubali. Bénit akampigia Eridadi kumpa habari njema, huku akishangaa jinsi mstari mfupi vile ulivyomaliza taabu yote ile.

Jolly hakuona la kushangaza. Aliujua mstari ule kwa moyo: ndio uleule aliokuwa akiuandika mezani pake Kasese, akirudisha saa nyuma, asubuhi ya kila safari, kabla ya kwenda kumgongea Eridadi mlango na kumwambia kuwa seva ya Bwera imerudi Kongo.